Chai Iliyoshika Moshi

Shambani, upande wa Saboti
Jumapili, baada ya kanisa

Mayi Naliaka,

Nakuita mayi kama siku zote, kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na mtu hamwiti mama yake kwa jina. Barasa, dereva wa hapa shambani, anaondoka na lori saa kumi kupeleka mahindi. Akifika Bungoma atakupa barua hii mkononi mwako, si kwa nyanya yako, kukhu, si kwa mjomba wako Wanyonyi. Nimemwapisha. Kesho asubuhi gari la moshi linakuchukua kwenda kujifunza uuguzi, na kabla hujapanda kuna jambo nataka ulijue. Linahusu siku tuliyomzika mama yako. Au niseme mliyomzika ninyi, kwa kuwa mimi sikuwepo.

Ya kufunga sanduku na kutunza nauli kukhu amekwisha kukuambia, tena mara tatu, namjua. Ya wanaume wa mjini ameyasema pia, kwa ukali kuliko ninavyoweza mimi. Nimebakiwa na moja tu, na haliwezi kueleweka bila kukueleza habari za chai.

Usicheke. Najua huko nyumbani wananiita mpika majani. Wana haki.

Nilipofika shamba hili nilikuwa mtu wa plau, nikitembea nyuma ya maksai kutoka umande mpaka jua kali. Mpishi aliyekuwako alikuwa mzee mmoja wa Kimilili. Siku moja alikuta kwenye kasha la Bwana tofali jeusi limefungwa kwa karatasi, akalinusa, akadhani ni samadi iliyokaushwa, akalitia jikoni kuwashia moto. Alifukuzwa siku hiyohiyo, hata mboga aliyokuwa akikata aliiacha mezani. Bwana akatoka nje kwa hasira, akatuangalia sisi tuliokuwa tukifunga maksai, akauliza, "Nani najua nusa?" Hakuna aliyeelewa. Mimi nikainua mkono kwa sababu nilikuwa nimechoka na plau. Ndivyo nilivyoingia jikoni, mayi. Hapakuwa na ujuzi wowote.

Huyu Bwana, ambaye wafanyakazi wote wanamwita Bwana Majani, alikaa Uchina miaka mingi kabla ya kuja kulima mahindi huku. Chai ya Kericho aliiita mboga. Yake ililetwa kwa meli mpaka Mombasa, kisha kwa gari la moshi mpaka Kitale, kasha moja kila baada ya mwaka au miwili. Alinieleza inavyotengenezwa: majani yakishachumwa na kukaangwa, yanarundikwa yangali na unyevu, yanafunikwa magunia na kuvundikwa wiki nyingi mpaka yapate joto tumboni, yageuke rangi; kisha yanabanwa kuwa matofali na kuachwa miaka yakae tu. Nikamwambia, "Bwana, hiyo ni busaa." Kwa sababu si ndivyo mama zetu wanavyovundika unga wa pombe kabla ya kuukaanga? Akacheka mpaka akashika mlango. "Ndiyo, Simiyu. Busaa. Lakini hapana lewa."

Kuipika ilinichukua mwaka mzima kujua. Tofali halikatwi. Unaingiza kisu chembamba ubavuni na kuinua majani tabaka kwa tabaka. "Hapana kata," alikuwa akisema, "fungua kama kitabu." Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha birika ndogo ya udongo. Maji lazima yachemke mpaka yapige kelele, si kama maji ya kuogea. Unamimina, unahesabu mpaka tano, unamwaga yote nje. Maji ya kwanza hayanywewi, yanaosha vumbi na kuyaamsha majani. Barasa alinikuta nikimwaga, akasema, "Kumbe kazi yako ni kumwaga chai! Mimi nikimwaga mafuta ya lori kidogo tu, ati nafungwa." Maji ya pili unahesabu mpaka kumi. Chai inatoka nyekundu ya giza kama mti wa mfupo uliolowa, na harufu yake ni ya ghala lililofungwa muda mrefu, likafunguliwa siku ya mvua. Majani yaleyale unayamiminia maji mara sita, saba, na kila mara unahesabu zaidi. Hakuna mtu mwingine shamba zima aliyejua kuhesabu huko. Nilijiona mtu.

Na jioni nilikuja na masalio kwetu kambini, yamefungwa kwa jani la mgomba. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Mara ya kwanza mama yako alionja, akatema nje ya mlango. "Baba Naliaka, haya si maji ya paa?" Kweli yalifanana na yale yanayotiririka kwenye nyasi za paa lililojaa moshi. Nikamwambia ni chai ya wafalme wa Uchina. "Basi wafalme hao paa lao linavuja." Kesho yake, bila kuniambia, aliyachemsha na maziwa na munyu, ile chumvi yetu ya majivu ya maganda ya maharagwe. Akanywa vikombe viwili. Siku ya tatu nilipoingia mikono mitupu, akaniangalia kuanzia mikononi mpaka usoni. "Leo Bwana hakubakiza?"

Nimekaa na sauti hiyo miaka yote. Ndiyo miaka pekee ambayo nikiulizwa kama niliishi, nitajibu ndiyo.

Kisha Bwana akapunguza watu na ng'ombe wa kambi. Usije ukafikiri nitakuambia alikuwa mtu mwema. Ng'ombe wetu wanne aliwaandika kwenye karatasi kama magunia, akasema shamba limejaa, na mama yako akaondoka nao pamoja nawe mpaka Bungoma kwa miguu, siku tatu, wewe ukilia kwa sababu ya ndama. Mimi nikabaki. Niliambiwa mpishi anabaki.

Sasa kosa langu. Lile kasha la mwisho lilifika wakati vita vimeanza. Mvua za masika zikaja kubwa, na Bwana akalazwa hospitali Nairobi kwa ajili ya tumbo. Siku ya kuondoka aliniita stoo, akaniwekea mkono juu ya kasha. "Simiyu, hii angalia. Weka mahali hapana maji." Basi. Wiki ya pili paa la stoo likaanza kudondosha. Nikafungua kasha, nikaona kwenye kona ya tofali moja weupe mdogo kama unga. Sikujua kwamba chai hiyo ikiwa na unyevu kidogo hupanguswa na kuwekwa tu penye upepo, mbali na kila harufu. Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza, kwa sababu nilikuwa mjuzi.

Nikafanya alivyofanya mama yangu. Kwetu kitu cha thamani, kitu ambacho hutaki kioze wala kiliwe na fukusi, unakiweka wapi? Unakiweka kwenye uchaga, juu ya moto. Mbegu za mahindi, wimbi, nyama ya kukausha. Mama yangu hakupoteza mbegu hata moja maisha yake yote. Nikapanga matofali yote juu ya jiko la Bwana, na nikayavua karatasi zake moja moja ili moshi upite vizuri. Wiki sita. Chini yake nilikaanga vitunguu, nilikaanga nyama ya nguruwe ya msimamizi aliyeachiwa shamba, nilichoma kuni mbichi kwa sababu kavu zilikwisha. Kila jioni nilinyoosha mkono kuyagusa, nikayakuta makavu, nikajisifu.

Bwana akarudi, amekonda, akaketi barazani kabla hata ya kuvua kofia. Nikampikia. Nikaleta trei nikiwa nimevaa kanzu safi. Akainua kikombe puani, akakishusha. Akakiinua tena. Akanywa kidogo.

"Simiyu. Wewe weka wapi?"

"Juu ya moto, Bwana. Kama mbegu."

 Aliangalia mlima muda mrefu. Nilingoja kofi, wapishi wa mashamba mengine walipigwa kwa yai tu. Wakati huo meli za upande wa Uchina zilikuwa zimekoma kabisa, hapakuwa na kasha lingine la kuja, na sote wawili tulijua. Mwishowe akasema, "Basi. Sasa hii ni chai ya Simiyu." Akamaliza kikombe.

Na kila siku baada ya hapo aliinywa. Mwaka mzima na zaidi, chai yenye moshi na mafuta ya nguruwe. Niliona koo lake linavyokataa, na yeye analilazimisha. Hakunigombeza hata siku moja. Mayi, kofi ningejua pa kuliweka. Ningelikasirikia wiki moja, ningewasimulia wenzangu, yangekwisha. Ule ukimya sikujua niuweke wapi. Kila nilipoingia barazani na trei nilijiona mdogo kuliko juzi, na nikaanza kufanya kitu ambacho sijamwambia mtu: niliacha kumwomba chochote. Blanketi langu lilichanika, sikuomba. Likizo yangu ikapita, sikuomba. Nilifikiri mtu aliyemharibia mwenzake namna ile hana mdomo tena wa kuomba.

Ndipo Wanyonyi akaja na baiskeli. Alifika saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakutaka hata maji.

"Shemeji, twende. Dada yangu hali si nzuri. Anakutaja."

"Ni nini?"

"Kifua. Siku ya tano sasa. Twende, bana, nitakupakia."

Nikamwambia, "Ngoja nimwombe Bwana ruhusa." Maana bila cheti cha Bwana ungekamatwa njiani, hilo unalijua.

Nikaingia jikoni. Kutoka jikoni mpaka barazani kuna hatua kumi na nne, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Nilikwenda mpaka kwenye mlango. Bwana alikuwa ameketi, ananipa mgongo, ana kikombe chake cha saa nane, na wakati huohuo akakohoa kwa sababu ya ladha ile, akajifuta mdomo kwa leso, akanywa tena. Nikasimama.  Kisha nikarudi nyuma polepole ili mbao zisilie.

Nikatoka nje. Wanyonyi ameshika baiskeli tayari, ameigeuza kuelekea barabarani.

"Vipi?"

Nikasema, "Amekataa."

Mayi, hakukataa. Sikumwuliza.

Hilo ndilo neno lenyewe. Nimeliandika, limekaa kwenye karatasi. Wanyonyi alitema mate kuelekea nyumba ya Bwana, akasema, "Mungu amwone," akapanda baiskeli yake. Siku mbili baadaye akamtuma mtu kunieleza kwamba mama yako amekufa, na kwamba watamngojea mumewe siku moja nzima, hata kama jua ni kali. Na hapo sikuweza tena. Ningekwendaje kwa Bwana kuomba ruhusa ambayo nimekwisha kusema amenikataza? Nikijaliwa kupewa, Wanyonyi angejua. Uongo wa kwanza ulikuwa umefunga mlango na kukaa na ufunguo. Nikamtuma yule mtu arudi na neno lilelile. Amekataa tena.

Mkangoja mpaka jioni. Mjomba wako akatia udongo kwa niaba yangu. Mimi saa ile nilikuwa nahesabu, tano, kumi, kumi na tano.

Watu wote wa kwetu wakamchukia Bwana Majani. Sikuwakanusha. Nilipokuja hatimaye, miezi mingi baadaye, kina mama walinipokea kwa machozi, wakaniita mtu aliyeonewa. Kukhu wako alinipa kiti chenye mgongo. Wewe ulikuja ukaegemea goti langu, ukasema, "Baba, mimi najua ungepewa ruhusa ungekuja." Ulikuwa na miaka kumi. Nikakuambia ndiyo.

Tena mwaka uliofuata ukaja kunitembelea huku. Bwana alikuwa akimenya chungwa barazani, akakukatia nusu, akakunyooshea. Ukaficha mikono yako miwili nyuma ya mgongo, ukamkazia macho. Mzee yule akaniuliza, "Mtoto hapana penda mimi?" Nikasema, "Ana haya, Bwana." Akala nusu yake, ile nyingine akaiacha kwenye sahani mpaka inzi wakaja. Niliwafanyia ninyi wawili ubaya siku hiyo, yeye na wewe, kwa pamoja, na jua likawaka kama kawaida.

Ningeweza kuacha hivyo mpaka nife. Lakini mwezi uliopita uliniandikia, na barua yako ninayo hapa mbele yangu: "Nasoma, baba, ili siku moja asiwepo Mzungu wa kunikataza kumzika mtu wangu." Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaketi. Kumbe safari yako yote umeijenga juu ya neno langu lile. Watu watakukataza mambo mengi huko uendako, wala sisemi hawatakukataza. Nchi hii unaijua. Ila mimi nimeishi miaka saba chini ya katazo la mtu ambaye sikumwuliza, na hakuna jela iliyo ndefu kama hiyo.

Basi leo nilikwenda. Nilitoka kanisani nikapita moja kwa moja mpaka barazani, bila kupitia jikoni, ili nisihesabu hatua. Bwana sasa ni mzee, hasikii vizuri.

"Bwana, mtoto wangu anakwenda kusomea uuguzi. Kesho asubuhi anapanda gari la moshi Bungoma. Naomba ruhusa siku mbili."

Alikuwa ameshachukua kalamu kabla sijamaliza.

"Siku mbili tosha? Chukua nne."

"Na chai, Bwana?"

"Mimi kunywa kakao." Akaandika, akakausha wino kwa kupuliza. Akakishika cheti hewani bila kunipa, akaniangalia. "Simiyu, kwa nini wewe hapana omba? Miaka yote. Hata bibi yako nakufa, mimi nasikia kwa Barasa, baada ya mwezi. Mimi nafikiri, huyu mtu hapana taka kwenda."

 Nikapokea karatasi kwa mikono miwili, nikashukuru.

Kakao, mayi. Miaka yote nilifikiri nimemfunga kwangu kwa kamba ya chai ile, na mimi kwake, na kumbe alikuwa na kopo la kakao kabatini.

Saa tisa na nusu nilivaa koti langu, nikapanda lori kwa Barasa. Niliketi kabisa, nikafunga mlango. Akawasha injini. Nikaona mbele yangu jinsi itakavyokuwa: nafika, wewe unakimbia kutoka kwa kukhu, unapiga kelele, "Leo amempa ruhusa!" Unafurahi. Na mimi, kwa jinsi ninavyojijua, ningekuacha ufurahi. Ningesimama nawe stesheni, ningekubebea sanduku, ningekuona ukipanda, na neno lingebaki kooni, na wewe ungeondoka nao ule uongo miaka mitatu, ukiwa na furaha juu yake. Usoni pako siwezi kusema. Nimejaribu mara ngapi. Kwenye karatasi sikuoni.

Nikashuka.

"Mzee, panda bana," Barasa akasema. "Si umepewa karatasi?"

"Nipe nusu saa. Nina barua."

"Barua ya nini na unakwenda mwenyewe?"

 Sasa anapiga honi, ndiyo maana mistari hii imepinda.

Sitakuomba unisamehe, kwa sababu ukisamehe kwa barua utakuwa umefanya kwa haraka, na gari linaondoka. Ukitaka kuacha kuniandikia, acha. Mwambie Wanyonyi ukitaka, au mwachie chuki yake kwa Bwana, amezeeka nayo. Ila wewe usiende nayo.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia kile cheti. Kiangalie kilivyo kidogo. Jina langu, siku nne, na mkwaruzo mmoja wa kalamu. Kukiandika kulichukua muda gani? Pumzi moja. Nimekutumia kwa sababu ungeweza kufikiri nazidiwa na uzee na kujisingizia, na nimeona heri uwe na ushahidi mkononi. Bila hicho mimi siwezi kupita barabarani, askari wa Kimilili wangenirudisha. Najua hivyo na nimekitia ndani.

Kesho ukifika stesheni usichelewe kupanda kwa kuangaza macho kwenye watu. Sitakuwepo. Na safari hii pia hakuna aliyenikataza.

Mimi baba yako,
Simiyu